Unakwenda kufundisha ng'ambo? Anza na jina lako

Barua ya kazi huja usiku kwa baruapepe, na kukikucha mtaa mzima umeshajua. Mama ameshampigia shangazi aliyeko Muheza, shangazi ameshauliza utarudi na nini, na wewe hata pasipoti huna. Ndivyo ilivyokuwa kwangu mwaka 2018. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari Temeke, nikakubaliwa kwenda kufundisha Kiswahili kwa miezi 9 katika chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Marekani. Nilidhani nina muda mwingi. Sikuwa nao.

Tangu nirudi nimewasindikiza walimu kadhaa kwenye maandalizi haya, wengi wao wa kwenda Asia, mmoja Ulaya, na karibu wote hujikwaa palepale nilipojikwaa mimi. Kwa hiyo napanga hatua hizi kama ambavyo ningezifuata leo lau ningekuwa naanza upya, nikiwa hapahapa Dar, nina miezi 6 mkononi. Kama una 3 tu, punguza usingizi.

Hatua ya 1: Soma mkataba kabla hujatangaza

Swali la kwanza si mshahara. Ni hili: utaingia nchi ile kwa viza gani, na viza hiyo inamruhusu Mtanzania kufanya kazi hiyo?

Wengi huumia hapa. Korea Kusini, kwa mfano, viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni hupewa raia wa nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Sisi hatumo, hata kama Kiingereza chako kinawashinda wenyewe. China nayo kwa kawaida humtaka mwalimu wa Kiingereza awe raia wa nchi ambayo hiyo ni lugha ya kwanza, au awe amepata shahada yake huko. Sasa wakala akikwambia, "Wewe ingia na viza ya mwanafunzi, tutabadilisha hukohuko," elewa anakupeleka kufanya kazi isiyo halali. Wakikukamata darasani, anayelipa faini, anayelala mahabusu na anayerudishwa kwa ndege ni wewe. Yeye yuko Sinza anamtafuta mwingine.

Mtanzania ana nguvu kwenye Kiswahili. Vyuo vikuu vingi vya Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki vinakifundisha, UNESCO imekipa siku yake ya Julai 7, Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Afrika Kusini iliamua mwaka 2018 kukiruhusu kiwe somo la hiari shuleni. Walimu wa hisabati na sayansi nao wana nafasi yao katika shule za kimataifa. Mimi nilipitia mpango wa Fulbright, wa serikali ya Marekani, wa wasaidizi wa kufundisha lugha. Nilifundisha huku mwenyewe nikisoma kozi, niliingia kwa viza ya J-1, na baada ya hapo nilitakiwa nirudi nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba viza fulani za kazi au ukazi wa kudumu. Kifungu hicho wengi hukisoma wakiwa wameshachumbiwa huko.

Milango hii hufunguliwa na kufungwa, wakati mwingine katikati ya mwaka. Kabla hujalipa ada yoyote, ingia tovuti ya ubalozi wenyewe uone kama bado wanatoa aina hiyo ya viza kwa pasipoti ya Tanzania. Usitegemee kundi la WhatsApp.

Kwenye mkataba tafuta saa za kufundisha kwa wiki, nani analipa tiketi (ya kwenda na ya kurudi), nani analipa bima ya afya, nyumba ni yako au ya kushirikiana, mshahara wa kwanza unaingia tarehe ngapi, na ukiondoka kabla ya muda unadaiwa nini. Wakala akitaka pesa ya "kushikia nafasi", muulize leseni yake, kisha ukaulizie jina la kampuni yake kwenye ofisi za huduma za ajira za serikali, TaESA. Mwajiri wa kweli hauzi nafasi.

Hatua ya 2: Jina lako ni moja?

Mimi naitwa Khadija. Mwalimu aliyejaza fomu zetu za darasa la saba aliandika Hadija, maana ndivyo nilivyoitwa mtaani, na Hadija huyo akanifuata kwenye cheti cha kidato cha 4, cha 6, mpaka chuo. NIDA wakaandika Khadija, kama kilivyo cheti cha kuzaliwa. Kwa Dar nzima hao ni mtu mmoja. Kwa ofisa wa viza ni wawili, na mmoja wao hana shahada. Herufi moja ilinila wiki 3.

Basi jioni moja, kabla ya kwenda ofisi yoyote, tandika mkeka. Weka juu yake cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya NECTA, cheti cha chuo na transkripti yake, kadi ya benki, cheti cha ndoa kama kipo, na pasipoti kama ipo. Chukua karatasi na kalamu. Nakili jina kutoka kila hati, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule, na tarehe ya kuzaliwa pembeni. Usinakili kwa kichwa maana kichwa kitakudanganya; nakili huku kidole kiko juu ya hati. Utashangaa. Mohamed na Muhammad, Hamisi na Khamis, Asia na Aisha, "J." iliyosimama badala ya Juma, mke aliyefungua akaunti kwa jina la mume na kusoma kwa jina la baba.

Ukishaona tofauti, jua hati iliyo ngumu kuliko zote kubadilika ni cheti cha mtihani. Kwa hiyo anzia hapo, zile zinazorekebishika ndizo ziifuate. Tofauti ndogo ya tahajia mara nyingi humalizwa na hati ya kiapo mbele ya wakili, kwamba majina haya yote ni ya mtu huyuhuyu. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hapo usijifanye mwanasheria, mtafute wakili.

Kuna jingine. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Wenzetu wana jina la mtu na la ukoo, basi. Jina la mwisho kwenye pasipoti ndilo litakalokuwa ukoo wako, nami nilikaa wiki nzima ya kwanza nikiitwa kwa jina la babu mzaa baba, mzee aliyefia Handeni bila kupanda ndege. Tiketi lazima isomeke kama pasipoti. Mwajiri naye mwandikie mapema jina litakalotumika, ili kitambulisho cha kazi, akaunti ya benki na bima vitoke na jina moja.

Hatua ya 3: Karatasi, kwa mpangilio wake

Karatasi hizi zinashikana mikono. Moja ikikwama, zote zinasimama.

Anza RITA kama huna cheti cha kuzaliwa. Tangazo la kizazi ulilopewa hospitali si cheti, hata kama umelitunza kwenye nailoni miaka 30. Ukishakipata, nenda kwenye pasipoti. Maombi yanaanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji, ada ni shilingi 150,000 kwa pasipoti ya kawaida, na inadumu miaka 10. Ukienda ofisini Kurasini beba hati halisi pamoja na nakala: cheti chako, kitambulisho cha taifa, cheti cha mzazi au kiapo chake, na barua inayoonyesha kwa nini unasafiri. Wenye pasipoti tayari watazame tarehe ya mwisho. Nchi nyingi zinataka ibaki miezi 6 au zaidi.

Kisha vyeti vya shule na chuo. Tanzania haimo kwenye mkataba wa Apostille wa The Hague, unaozifanya nchi wanachama zitambue hati kwa mhuri mmoja, kwa hiyo kwetu mhuri mmoja hautoshi. Kawaida nakala inathibitishwa na wakili, inakwenda Wizara ya Mambo ya Nje, halafu inakwenda ubalozi wa nchi unayoelekea. Bahati yetu wa Dar, balozi nyingi bado ziko hapahapa ingawa serikali imehamia Dodoma. Hati inayohitaji tafsiri ipeleke kwa mtafsiri anayetambuliwa, na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ndiko pa kuulizia ithibati ya tafsiri za Kiswahili. Ukiombwa matokeo yatoke NECTA moja kwa moja, yaombe mapema, maana hayo huwezi kuyabeba mwenyewe hata kama ofisi iko njiani kwako.

Na tafadhali, usilaminishe cheti. Najua kule stesheneri watakushawishi kwa elfu moja tu. Mihuri mingi hugongwa nyuma ya hati yenyewe, na hati iliyofunikwa plastiki itakataliwa dirishani. Nimemwona mwalimu mwenzangu akijaribu kubandua plastiki kwa pasi ya moto. Wino ulitoka na plastiki.

Cheti cha tabia njema cha Polisi, kile cha kuchukuliwa alama za vidole, kiweke karibu na mwisho, kwa sababu nchi nyingi hukitaka kiwe hakijapita miezi 3 au 6. Mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL, matokeo yake yana umri wa miaka 2, huo unaweza kuutangulizia. Piga picha kila hati, jitumie kwenye baruapepe yako, na seti moja ya nakala mwachie ndugu asiyepoteza vitu. Kila ukoo una mmoja.

Hatua ya 4: Uliowaacha nyuma

Kama umeajiriwa na serikali, usiondoke kimyakimya. Utoro kazini wa zaidi ya siku 5 unatosha kukufukuzisha, na ukirudi baada ya mwaka utakuta jina limeshatoka kwenye mfumo wa mishahara. Andika barua ya kuomba likizo bila malipo, pamoja na kibali cha kusafiri nje, ipitie kwa mkuu wa shule, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri na kuendelea juu. Ambatisha barua ya mwaliko. Kila ofisi inapopita, chukua nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na nakala ya namna hiyo ni kama haikuandikwa.

Mkopo wa elimu ya juu hausimami kwa kuwa umepanda ndege. Hapa mwajiri anakukata asilimia 15 ya mshahara, huko hakuna wa kukukata, na deni linakusubiri. Nenda Bodi ya Mikopo, uliza utalipaje kwa kumbukumbu namba ukiwa nje. Mfuko wako wa hifadhi ya jamii, PSSSF au NSSF, chukua taarifa ya michango yako ya sasa na uitunze.

Kikoba je? Toka kwa heshima. Kama umeshapokea zamu yako, maliza kuchangia kabla ya kuondoka. Kuna mtu aliondoka na deni la mchezo wa kina mama wa Mtoni. Alipopiga simu kumsalimia mama yake, salamu zilianza na deni. Vitu vingine kama kiwanja, kodi ya pango au kesi ya mirathi vinahitaji mtu mwenye hati ya uwakala iliyoandikwa na wakili. Neno la mdomo halifanyi kazi benki.

Hatua ya 5: Mwili

Chanjo ya homa ya manjano unaipata Mnazi Mmoja, na kadi yake ni ya njano kweli. Inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu mwaka 2016 inatambulika kwa maisha yote, kwa hiyo usiogope tarehe ya zamani. Uingereza humtaka Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 apime kifua kikuu kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao, si hospitali yoyote.

Meno na miwani vimalize hapa. Bima nyingi za nje hazigusi meno, na bei ya kung'oa jino moja kule itakufanya ulie mara ya pili. Dawa unazotumia kila siku ziache kwenye boksi lake, na cheti cha daktari juu.

Hili la malaria watu hawalisemi. Ukipata homa katika miezi 2 au 3 ya kwanza, mwambie daktari kabla hajauliza: nimetoka Tanzania, nipime malaria leo. Wengi wao hawajaiona tangu wasome kitabuni, watakwambia ni mafua, upumzike unywe maji. Vimelea haviulizi upo bara gani.

Hatua ya 6: Jifunze upya Kiswahili chako

Kama nina hatua moja ya kukuomba usiiruke, ni hii. Karatasi utazimaliza, kila mtu humaliza. Kinachomwaibisha mwalimu ni siku ya tatu darasani.

Temeke nilikuwa na wanafunzi 90, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwa nini tunasema "rafiki yangu" lakini "daktari wangu". Wanaijua kwa sikio. Akikosea, darasa zima linacheka na kosa limeisha. Kule nilikuwa na 8, wanane wenye madaftari wazi, na siku ya tatu kijana mmoja akanyoosha mkono: rafiki ni mtu, tunasema rafiki amekuja, mbona basi si rafiki wangu? Nikasema, "Ndivyo tunavyosema." Akaandika hivyo. Nilitamani sakafu ipasuke. Jibu lipo: majina kama rafiki, mama, baba, kaka na dada yana umbo la ngeli ya I-ZI, kitenzi kinawafuata kama watu, lakini kimilikishi kimebaki na umbo la asili, na ndiyo maana wingi wake tunasikia "dada zangu". Nililijua jibu hilo usiku, saa 6, juu ya kitabu cha sarufi.

Kitu kingine ni namba. Sisi tumefundishwa ngeli kwa viambishi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI. Vitabu vingi vya nje vinatumia namba za wataalamu wa lugha za Kibantu. M-WA ni 1 na 2, M-MI ni 3 na 4, JI-MA ni 5 na 6, KI-VI ni 7 na 8, N ni 9 na 10, U ni 11, kitenzijina cha KU ni 15, na mahali PA, KU, MU ni 16 hadi 18. Mwanafunzi atakuuliza, "Mwalimu, ukuta uko namba 11, wingi wake unaingia 10?" na wewe utadhani anazungumzia mpira. Tengeneza jedwali lako kabla ya safari, libandike mlangoni mwa kabati, lizoee.

Saa ndiyo iliyonipa kazi kuliko zote. Nilimwambia mwanafunzi aje ofisini saa 4. Nilimsubiri asubuhi nzima, akaja alasiri anatabasamu, kwenye saa yake ni saa 4 kamili. Nikawaeleza kwamba sisi tunahesabu kutoka mapambazuko, saa 1 asubuhi ni saa moja baada ya jua kuchomoza. Wakaelewa vizuri mwezi wa tisa. Ilipofika Desemba, saa 1 asubuhi bado giza, saa 11 jioni giza limerudi, na binti mmoja akauliza kwa upole, jua lenyewe liko wapi. Hapo ndipo nilipoelewa mwenyewe kitu nilichokitumia tangu utoto: hesabu yetu inakubali kwa sababu Dar iko karibu na ikweta, na jua la hapa halichomozi mbali na saa 12 mwaka mzima. Siku iliyofuata tulichora duara 2 ubaoni, moja ya Dar, moja ya kwao.

Andaa vitu kama hivyo 20. Kwa nini hatumwambii mwenzetu wa rika moja shikamoo. Kwa nini "tafadhali" hulisikii sokoni, na badala yake mtu anasema "naomba nyanya". "Pole" unampa nani, maana kwao mtu husema samahani hata kwa msiba asiousababisha. Tofauti ya "nimekula" na "nilikula" ukimweleza mtu anayekukaribisha mezani.

Ukitaka msaada, TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana uzoefu mrefu wa kufundisha wageni, na BAKITA huendesha mafunzo ya walimu wa Kiswahili kwa wageni na kuweka orodha ya wataalamu wake. Mafunzo yakikupita, omba ukae nyuma ya darasa la wageni siku 2 au 3, usiseme kitu, andika maswali yao. Maswali yale utayakuta huko kama yalivyo. Soma pia ngazi za umilisi wanazotumia, kwa Ulaya ni A1 mpaka C2, maana mkuu wa idara atakuuliza wanafunzi wako wako ngazi gani na "wanajitahidi" si jibu.

Wanaokwenda sekondari au msingi wajue zaidi. Fimbo hakuna, hilo unalijua, lakini hata kumgusa mtoto bega, kubaki naye peke yako mlango umefungwa, au kuposti picha ya darasa bila idhini ya wazazi ni mambo ya kukufukuzisha. Chuoni, muhtasari wa kozi unaowapa siku ya kwanza ni kama mkataba. Ukiandika mtihani ni asilimia 30 na kazi ifike Ijumaa, huwezi kubadili kwa sababu umeghairi. Watakuita kwa jina lako la kwanza, watakula wakati unafundisha, na watakuandikia kwa adabu kabisa kupinga alama uliyowapa. Hawakukosei heshima.

Hatua ya 7: Begi

Koti la baridi linauzwa Karume. Makoti yanakuja kwenye marobota ya mitumba na hapa Dar hakuna anayeyagombania, kwa hiyo utapata zito la sufu kwa bei ya shati. Shika mshono wa kwapa, jaribu zipu mara 3, nusa ndani. Usilifunge begini, lipande nalo ndege hata kama abiria wa Terminali ya 3 wanakutazama. Viatu vya theluji usihangaike kuvitafuta hapa, kanunue huko.

Pasi na birika la umeme acha. Marekani umeme wao ni volti 120, pasi yako ya volti 230 itapata uvuguvugu tu. Chaja za simu na kompyuta nyingi zinakubali kote, soma maandishi madogo nyuma yake, ubebe plagi ya kubadilishia.

Nafasi iliyobaki ijaze darasa. Khanga 2 zenye maandishi yanayosomeka, magazeti ya siku mbili tatu, sarafu, tiketi ya mwendokasi, na picha za familia zilizochapishwa, maana somo la kwanza la undugu litataka shangazi na mjomba wa kweli. Wiki ya mwisho tembea na simu ukirekodi. Konda pale Kariakoo anaita "Rangi Tatu, Rangi Tatu, mbili za haraka!", muuza kahawa anagonganisha vikombe, mama anapunguziwa bei ya vitunguu. Rekodi ya dakika 1 ya konda ilinipa vipindi 4. Mwulize tu mtu kabla hujamrekodi. Konda wangu aliomba nimsalimie Trump.

Hatua ya 8: Pesa ya wiki 6

Mshahara wa kwanza huchelewa, si kwa ubaya, ila akaunti ya benki inangoja anwani, anwani inangoja mkataba wa nyumba, na namba ya kodi inangoja ofisi nyingine. Ondoka na pesa ya kula na nauli ya wiki 6. Nyumba kule wanalipisha kwa mwezi, si kwa miezi 6 kama wenye nyumba wetu, lakini wataomba dhamana inayolingana na kodi ya mwezi au zaidi.

Laini yako usiitupe. Benki na huduma za pesa za simu zitatuma namba za siri kwenye laini hiyohiyo, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Washa huduma ya kuitumia nje kabla hujaondoka, au mwachie ndugu uliyemwamini aiwashe na kuitumia mara kwa mara.

Kaa na familia mapema, taja kiasi utakachotuma kwa mwezi, na anza na mwezi wa tatu. Taja tarakimu. Usiposema wewe, watasema wao, na kuna shangazi atakayezidisha dola zako kwa shilingi bila kuondoa kodi ya nyumba, bima na nauli.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Pima begi nyumbani au kwa muuza duka mwenye mzani, kilo 23 mara nyingi ndiyo mwisho wa begi moja, na mama atakuwa ameongeza kitu usiku. Vyeti, barua, kadi ya njano na dawa vikae mkoba wa mkononi. Uhamiaji watakuuliza unakwenda kufanya nini, jibu kwa neno moja na barua iwe juu. Ukitoka Mbagala au Kigamboni, hesabu foleni ya Barabara ya Nyerere kama sehemu ya safari.

Kisha soma tiketi tena, taratibu. Zile namba si saa zetu. Ikiandikwa tarehe 15 saa 00:40, hiyo ni saa 6 na dakika 40 usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unakwenda jioni ya tarehe 14.